Pikipiki Inayozimika Ovyo: Maradhi ya Kabureta na Tiba Yake



Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, akiwa na shitaka juu ya mwanawe. Aliketi barazani, akalitengeneza buibui lake, kisha akasema:

"Sheikh, mimi nimechoka. Pikipiki ile niliinunua kwa fedha za chama cha kina mama, miezi kumi na minane nikitoa bila ya kukosa hata mmoja. Mwanzo kijana alikuwa akiniletea mia sita, mia saba kwa siku. Sasa aniletea mia tatu, na siku nyingine mia mbili. Nikimuuliza, aniambia petroli yaisha. Petroli gani hiyo isiyokwisha mwaka jana ikaja kuisha mwaka huu? Mtoto huyu ameshapata mambo mengine. Nataka umkanye."

Nilimwita kijana siku ya pili yake. Alikuja akiisukuma pikipiki kwa mikono, jasho likimtiririka, akaniamkia na kuketi kwa adabu. Nilipomweleza malalamiko ya mamake aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Maalim, naapa sijakula hata senti. Pikipiki hii ikiwa mwendoni haina neno. Lakini nikifika kwenye tuta, huzima. Nikisimama kupakia abiria, huzima. Watu wameshaijua, wanapita kwangu wanapanda ya mwenzangu. Fundi wa njiani ameniongezea mngurumo ili isizime, na asubuhi siondoki bila ya kuvuta choki, na choki yenyewe naiacha hivyo hivyo kutwa. Petroli ndiyo yaenda huko."

Kisha akaongeza jambo ambalo mamake hakuwa akilijua. Wiki iliyopita, mbele ya chuo cha watoto, alitia gia na pikipiki ikachupa mbele kabla hajawa tayari, kwa sababu ya ule mngurumo uliopandishwa. Mtoto mmoja alikosewa kwa shubiri moja tu.

Hapo niliona kwamba shauri hili si la kumkanya mtu. Ni la kuifungua kabureta.

Mimi si fundi mwenye cheti. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikienda kusomesha vijijini kwa pikipiki, na katika muda huo nimeketi sana kwenye karakana za mafundi, nikauliza na nikajifunza. Nimeona niwaandikie haya kwa kuwa nyumba nyingi za pwani yetu leo zala na kuvaa kwa pikipiki. Mama asiyejua namna chombo hicho kinavyokwenda hawezi kujua ni lini anaelezwa ukweli, ama na mwanawe ama na fundi.

Kabureta yafanya kazi gani?

Petroli ya maji haiwaki vizuri ndani ya injini. Sharti kwanza inyunyizwe iwe kama ukungu na ichanganywe na hewa kwa kipimo. Kipimo kamili ni kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Ukikipima kwa ujazo, utaona ajabu: lita moja tu ya petroli yahitaji takriban lita 9,000 za hewa ili iungue yote. Kazi ya kuchanganya viwili hivi ndiyo kazi ya kabureta.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1797 mwanachuoni wa Kiitaliano, Giovanni Battista Venturi, alieleza kwamba kitu kinachotiririka kikipitishwa penye koo jembamba huongeza kasi, na mkandamizo wake hupungua. Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, waliunda chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli, na wengi hukihesabu kuwa ndiyo pikipiki ya kwanza ya namna hiyo. Mwaka 1893 Maybach alitengeneza kabureta inayonyunyiza petroli kwa kanuni hiyo ya koo jembamba, na mwaka huohuo Wahungaria Donát Bánki na János Csonka nao wakaandikisha ya kwao. Kabureta iliyomo katika Boxer au TVS iliyoegeshwa nje ya nyumba yako ni mjukuu wa vyombo hivyo.

Bibi zetu walikuwa na chupa za manukato zenye kipira cha kubonyeza. Ukibonyeza, hewa hupita kwa kasi juu ya mdomo wa kijibomba, na manukato hupanda yenyewe yakatoka kama mvuke. Kabureta ni hivyo hivyo. Injini huvuta hewa kupitia koo la kabureta, hewa hupita kwa kasi juu ya tundu la petroli, na petroli hupanda ikanyunyizika.

Chini ya koo hilo pana bakuli dogo la kuwekea petroli. Ndani ya bakuli mna boya, sawa na boya la tangi la maji lililoko juu ya nyumba. Petroli ikipungua boya hushuka na kufungua njia; ikijaa hupanda na kuifunga kwa kijisindano. Boya likitoboka, au kijisindano kikiliwa, bakuli hufurika, na hapo utaona petroli ikidondoka chini ya pikipiki.

Kwa nini mwendoni yaenda, ikisimama yazima?

Swali hili ndilo ufunguo wa mambo yote, na ndilo lililomtatiza mama wa watu hata akamdhania mwanawe ubaya. Alikuwa akiiona pikipiki ikipita mbio barabarani, akasema moyoni mwake kwamba nzima.

Kabureta ina njia mbili za petroli. Njia kubwa hutumika dereva anapozungusha mkono wa mafuta. Waya hukiinua kizibo kilichoko kooni, hewa ikapita kwa wingi, na petroli ikapanda kupitia jeti kubwa. Njia ndogo hutumika dereva anapouachia mkono kabisa. Wakati huo kizibo kimeshuka, hewa inayopita ni kidogo mno, haina nguvu ya kuivuta petroli kutoka jeti kubwa. Ndipo petroli hupita kwenye jeti ndogo, ikatokea kwenye kijitundu kilichoko upande wa injini, kiasi cha kuiwezesha injini kuzunguka yenyewe polepole. Huo ndio ninaouita mngurumo wa kutulia.

Tundu la jeti ndogo halifiki hata nusu milimita. Chembe moja ya mchanga au utando mwembamba wa petroli iliyokauka watosha kuliziba. Likizibika, njia kubwa huendelea kufanya kazi kama kawaida, na pikipiki hukimbia barabarani kama isiyo na ila. Lakini dereva akiachia mkono kwenye tuta, hakuna petroli inayofika, na injini huzima. Wala hilo si uvivu wa dereva, na mara nyingi si uchakavu wa injini.

Skrubu mbili na kazi zake

Nje ya kabureta utaona skrubu mbili, na ni wajibu kuzipambanua.

Ya kwanza ni skrubu ya mwendo. Kwa kawaida ni kubwa zaidi na ina springi. Kazi yake ni kukiinua au kukishusha kile kizibo kidogo, hivyo kuongeza au kupunguza kasi ya mngurumo. Haisafishi kitu wala haitibu kitu. Fundi anayeizungusha hii peke yake kwa sababu pikipiki inazima, amemfunika mgonjwa shuka bila ya kumtibu. Na shuka lenyewe lina hatari, kama ilivyodhihirika pale mbele ya chuo.

Ya pili ni skrubu ya mchanganyiko, ndogo zaidi na mara nyingi imezama ndani ya tundu lake. Hii hupima uwiano wa petroli na hewa wakati wa mngurumo wa kutulia. Nayo ni ya namna mbili. Ikiwa iko upande wa kichujio cha hewa, yapima hewa. Ukiikaza waipunguza hewa, na mchanganyiko wazidi petroli. Ikiwa iko upande wa injini, yapima petroli. Ukiikaza, petroli yapungua. Mafundi wengi wachanga huzichanganya namna hizi, wakaikaza palipotaka kulegezwa. Tazama kwanza iko upande gani, ndipo ushike bisibisi.

Kabla ya kuigusa kabureta

Mara nyingi kabureta hulaumiwa kwa kosa la jirani yake. Angalia kwanza mambo haya:

Kichujio cha hewa. Kikijaa vumbi, injini hukosa pumzi na petroli huzidi. Pikipiki zinazopita barabara za mchanga na machimboni hukijaza upesi.

Plagi. Ifungue uisome. Ncha ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hali ni njema. Nafasi ya ncha huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8 kwa pikipiki nyingi za namna hizi. Kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kuamua.

Waya wa mafuta. Mkono uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuvuta. Washa injini, kisha geuza usukani kushoto na kulia. Mngurumo ukipanda, waya umekaza na hakuna skrubu itakayokufaa.

Mpira ulioko kati ya kabureta na injini. Ukipasuka hata kwa ufa mwembamba, hewa isiyopimwa huingia na injini hupanda na kushuka yenyewe. Mwagia maji ya sabuni kidogo juu yake injini ikiwa inazunguka. Mngurumo ukibadilika, umeupata ufa.

Valvu za injini. Nafasi zake zikibana kupita kiasi, injini hukosa mgandamizo na haitulii, hasa ikishapata moto. Hii ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Kuipima na kuirekebisha

Mambo hayo yakiwa salama, sasa shika bisibisi.

Kwanza, ikaze skrubu ya mchanganyiko polepole hadi igote, huku ukihesabu mizunguko. Usiitie nguvu, kwani ncha yake ni nyembamba kama ya sindano na ikivunjika ndani ni hasara. Andika hesabu hiyo ili uweze kurudi ulikotoka. Kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Hapo ndipo pa kuanzia kwa pikipiki nyingi.

Pili, washa injini uiache ipate moto kwa dakika tano hadi kumi, na choki iwe imefungwa kabisa. Kuirekebisha kabureta injini ikiwa baridi ni kazi bure, kwani injini baridi yataka petroli zaidi kuliko yenye moto.

Tatu, weka skrubu ya mwendo mahali ambapo injini yazunguka bila ya kuzima, juu kidogo ya kawaida.

Nne, zungusha skrubu ya mchanganyiko upande mmoja, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kila robo, ngoja sekunde chache na usikilize. Utafika mahali injini itaanza kusita. Sasa irudishe upande wa pili. Mngurumo utapanda, utanyooka, kisha utaanza kusita tena. Kati ya vikwazo hivyo viwili pana mahali ambapo injini huzunguka kwa wepesi zaidi na kwa sauti iliyo sawa. Iache hapo.

Tano, irudie skrubu ya mwendo na uishushe hadi kipimo cha kitabu. Pikipiki nyingi ndogo hutulia kati ya mizunguko 1,300 na 1,500 kwa dakika. Kama huna saa ya kupimia, sikiliza: injini isikike ikipiga kwa utulivu bila ya kutetemesha vioo, na isiwe yanguruma kama inayotaka kuondoka.

Sita, vuta mkono wa mafuta mara moja kwa ghafula na uuachie. Injini irudi chini upesi na itulie. Ikining'inia juu kwa muda kabla ya kushuka, hewa imezidi. Ikishuka ikapita kiasi na kutaka kuzima, huku ikitoa harufu ya petroli, basi petroli imezidi.

Na ukiizungusha skrubu ya mchanganyiko kwenda na kurudi bila ya kusikia mabadiliko yoyote, acha kuisumbua. Hiyo ni alama ya wazi kwamba jeti ndogo imeziba, na kabureta sharti ifunguliwe.

Kuisafisha

Funga koki ya petroli. Legeza skrubu iliyoko chini ya bakuli uikinge petroli kwenye chombo cha bati au kioo, na uitazame. Maji hukaa chini ya petroli kama vitone vinavyotembea. Ukiviona, ujue tangi nalo lataka kumwagwa.

Fungua bakuli juu ya kitambaa cheupe, kwani vijipete vya mpira na springi ni vidogo na hupotea upesi. Toa jeti kwa bisibisi inayolingana na kichwa chake, kwa kuwa shaba ni laini na huharibika. Nyanyua jeti ndogo uitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona nukta ya mwanga ya duara, ni nzima. Usipoona kitu, hilo ndilo tatizo lako.

Isafishe kwa dawa ya kabureta ya kopo na kwa upepo wa pampu. Usiichokoe kwa waya wa chuma wala kwa sindano ya kushonea. Tundu lile lilichongwa kwa kipimo, na ukilipanua kwa unywele mmoja petroli itazidi daima. Puliza pia vijitundu vya ndani ya koo. Rudisha kila kitu mahali pake, fungua koki, uhakikishe hapavuji, kisha uipime upya kama nilivyoeleza.

Hewa yetu na petroli yetu

Sisi wa pwani tuna mambo yetu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Bakuli la kabureta likikaa hutoa unga mweupe, na jeti za shaba huota kutu ya kijani. Pikipiki itakayoegeshwa zaidi ya mwezi mmoja, mwage petroli ya bakuli, kwa maana ikiachwa humo hukauka na kubakiza utando wa kunata, nao ndio unaoziba jeti.

Jambo jingine ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tatizo hili lilienea hadi mwaka 2018 serikali ya Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli. Injini huwaka kwa taabu, hutoa moshi, na plagi hujaa masizi. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia yaweza kuwa safi, na yaweza kuwa na mchanga, maji au mafuta ya taa. Bei yake nafuu hulipwa baadaye kwa fundi.

La tatu lawahusu wanaonunua pikipiki iliyokwisha kutumika bara. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyopimwa kule ikiletwa Mombasa, hewa huzidi petroli kidogo na mngurumo waweza kukosa utulivu. Iliyopimwa hapa ikapelekwa kule, petroli ndiyo huzidi. Basi pikipiki ikitoka bara, ipimwe upya kabla ya kuhukumiwa kuwa mbovu.

Tahadhari kwa watu wa nyumbani

Nawaomba kina mama mwisikize sehemu hii kuliko zote, kwa sababu nyumba nyingi za miji yetu ya kale hazina uwanja, na pikipiki hulazwa ukumbini au ujiani.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu, hutambaa sakafuni kama maji, ukapita chini ya mlango hadi kwenye seredani au chetezo cha udi kilichoko chumba cha pili, na moto ukarudi kwa njia ileile. Kabureta inayodondoka isilazwe ndani hata usiku mmoja. Wala isifunguliwe karibu na jiko, na petroli iliyokingwa isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto aweza kuishika.

Na injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuipima. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ishikamanavyo. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, kisha hulala asiamke. Kazi hii ni ya nje, penye upepo.

Tulichokikuta

Narudi kwa kijana wetu. Tulianza na plagi, ikawa nyeusi tititi. Kichujio cha hewa kilikuwa na vumbi, tukakisafisha. Skrubu ya mwendo ilikuwa imekazwa karibu hadi mwisho. Skrubu ya mchanganyiko tuliizungusha kila upande, na injini haikujali. Ndipo tukaifungua kabureta ukutani nje ya nyumba yangu, yeye akishika bisibisi nami nikisoma majina ya vitu. Alipoinyanyua jeti ndogo juani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, sioni kitu."

Basi mambo yalikuwa hivi. Jeti ndogo iliziba, injini ikawa haitulii. Kwa kuwa haitulii, kijana akaishi na choki. Choki iliongeza petroli kutwa nzima hata mwendoni ambako haikuhitajika, na fedha ikaungua barabarani. Abiria nao wakamkimbia. Kwa mamake mambo hayo yote yalifika kama jambo moja: mia tatu badala ya mia sita. Fundi wa njiani alikuwa ameshamwambia anunue kabureta mpya kwa elfu tatu na mia tano. Sisi tulitumia kopo moja la dawa, plagi mpya na saa mbili za mchana.

Nilimwambia aiwashe. Ilizunguka ikatulia. Alitia gia, akaitoa, akafunga mkono, akaufungua. Haikuzima wala haikuchupa. Nilimtuma kwa mamake na zile hesabu, pamoja na plagi ya zamani ndani ya karatasi, ili aione kwa macho yake.

Yule mama hakuja kuniambia lolote kwa siku nne. Siku ya tano mtoto wake mdogo aliniletea mkate wa sinia uliofunikwa kwa kawa, bila ya ujumbe. Kijana nilipoonana naye msikitini nilimuuliza hali ya nyumbani. Alicheka. Alisema siku ile alipomwonyesha ile plagi, mamake aliigeuza geuza mkononi kwa muda mrefu, akaingia jikoni, na asubuhi yake akamkuta amemkaangia mahamri kabla hajaondoka, jambo alilokuwa ameliacha tangu ugomvi uanze.

Tena sasa, asema kijana, mamake huketi mlangoni alfajiri na kikombe chake cha kahawa, akiisikiliza injini inavyopata moto. Na kuna siku moja alimzuia asiondoke. Alimwambia, "Leo haikutulia kama jana. Shuka uiangalie." Alishuka akaangalia, akakuta mpira wa kabureta umelegea.